Kufukuzwa Kazi Kila Asubuhi

Siku yangu ya kwanza ofisini nilifukuzwa kazi kabla sijakaa.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza niliyoonyeshwa, mkoba mkononi, ndani ya sketi niliyoshonewa na fundi wa sokoni Bariadi ambaye aliibana kiunoni kana kwamba ana ugomvi na mimi. Akaingia mwanaume mfupi mwenye kitambi kidogo na tai ya kijani. Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Nani kaleta Msukuma humu ndani? Humu hatufugi! Binti, umefukuzwa kazi. Rudi kwenu ukamalize michembe yako ya viazi vikavu."

Jamani, machozi yalinijaa papo hapo. Mama wa chai, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akigawa vikombe, akacheka mpaka kifuniko cha birika kikadondoka. "Mwanangu, usilie," akaniambia. "Ni Mgogo huyo. Ni mtani wako."

Hapo nikapumua. Wasukuma na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu zetu waliokuwa wakikatiza nchi ya Wagogo kwa miguu kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Nikafuta macho kwa kiganja, nikamjibu: "Na wewe Mgogo, bakuli lako umeliacha wapi? Au siku hizi mnaomba kwa tai?"

Chumba kikaripuka kwa kicheko. Kumbe yule ndiye afisa utumishi, mkubwa wa mambo yote ya kuajiri na kuachisha. Wakati wa usaili alikuwa likizo kwao Dodoma, ndiyo maana sikumjua. Akanipa mkono, akasema nakaribishwa, kisha akaingia ofisini kwake akijichekea.

Niseme mapema kwa nini machozi yangu yalikuwa karibu hivyo. Baba yetu alikuwa amefariki, na mji wake wa Nkololo, ng'ombe, mama, na sisi watoto, wote tulikuwa chini ya mdogo wake, baba mdogo. Si mtu mbaya. Nimejaribu kumchukia miaka mingi na nimeshindwa, maana alitulea, na nyama ikipikwa alitukatia sisi yatima kabla ya watoto wake wa kuzaa. Ila alikuwa na msimamo mmoja: msichana akishajua kusoma na kuandika, shule imekwisha, kinachobaki ni kuharibu viatu. Mdogo wangu wa kike alipofaulu kwenda sekondari, tayari kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye wake wawili na zizi lililojaa, aliyekuwa akipita kwetu kusalimia kwa namna ambayo hata mtoto mdogo aliielewa.

Nikapiga magoti mbele ya baba mdogo na wazee wa ukoo, nikasema nitamsomesha mimi.

"Kwa kazi gani?"

"Nimepata ofisini, Bariadi. Kuchapa."

Akachorachora chini kwa fimbo. "Sawa, mayu," akasema. Kwetu mayu ni mama, lakini hata binti huitwa hivyo kwa mapenzi. "Mradi una kazi, mtoto ni wako. Siku ukirudi hapa na godoro kichwani, mtoto ni wangu, na ng'ombe wataingia."

Wazee wakaitikia. Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa kwanza wa kazi, nao ulikuwa mkali kuliko ule wa ofisini. Wa ofisini ulisema tu kwamba niko kwenye majaribio mpaka nitakapothibitishwa. Kuthibitishwa! Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Mwajiriwa aliyethibitishwa hakuguswa ovyo siku hizo. Nikithibitishwa, mdogo wangu angemaliza kidato cha nne, na baada ya hapo asingekuwepo mtu wa kumfunga kamba.

Basi nikafanya kazi. Ofisi ile, ambayo sitaitaja, ilishughulika na pamba ya wakulima, na kila kitu kilichohusu pamba kilipita kwenye mashine yangu. Nilijifunza kwamba karatasi ya stensili, ile ya kutolea nakala, haisamehe: ukikosea herufi, unapaka rangi nyekundu yenye harufu ya kuumiza kichwa, unangoja ikauke, unapiga juu yake ukiomba Mungu. Nilijifunza kutomaliza kazi kabla ya chakula cha mchana, maana aliyemaliza mapema alionekana hana kazi. Nilijifunza kucheka wakubwa wakicheka, na kunyamaza kabla yao.

Lakini somo lililonitoa jasho ni kukaa. Mimi nimelelewa kwamba mzee akiingia, binti anaondoka kwenye kiti, anachuchumaa, anasalimia macho chini. Na ofisini kwetu wazee waliingia kutwa nzima, kofia mkononi, vumbi la barabara mpaka magotini, kuulizia mbegu, kuulizia dawa, kuulizia lori. Kila aliyeingia, mimi chini. "Mwangaluka, baba." Anaitikia, namuuliza ng'ombe, namuuliza mvua, narudi kwenye mashine, anaingia mwingine, mimi chini tena. Na ile sketi! Mkuu wa kitengo akaja juu: "Binti, hizo barua zitachapwa na magoti?"

Mtani ndiye aliyeniokoa. Akanionyesha mbele ya watu, yeye na kitambi chake: "Nyanyua makalio kidogo tu, kama mtu anayetaka kuondoka ila hajaamua. Shuka tena. Umeshaamkia." Nikawa nafanya hivyo. Wazee wengi walielewa. Ila kuna mmoja, mwenye umri wa babu yangu, aliyenitazama pale juu ya kiti, akamgeukia mwenzake akasema kwa Kisukuma kwamba mtoto huyu wameshamharibu. Aliyasema bila hasira, ndiyo maana yaliniuma. Nilichapa siku ile nzima bila kuinua uso.

Na kila asubuhi, nilifukuzwa. Ikawa kama kengele ya kuanzia kazi. "Mtani, nimekuta kuku ametaga kwenye mashine yako. Umefukuzwa." Namjibu: "Lilete hilo yai, Mgogo, nikupikie na mlenda, maana najua hujala tangu juzi." Siku nyingine: "Umekanyaga sakafu kwa miguu ya jarubani, fungasha." Namwambia: "Nikifungasha nani atakusomea barua?" Watu walikuwa wakichelewa kwenda kwenye meza zao ili wasikie. Nami, kusema kweli, nilikuwa nikitunga majibu usiku kitandani, nacheka peke yangu gizani mpaka mdogo wangu ananikanyaga.

Mdogo wangu tulikaa naye chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, mwenye maswali. Sare yake ilikuwa moja. Aliifua kila jioni na kuianika juu ya dirisha, na asubuhi aliivaa hata kama haijakauka, akisema itakaukia njiani. Alisomea juu ya godoro, midomo ikichezacheza kwa Kiingereza, halafu ananitafsiria. "Dada, kumbe moyo una vyumba vinne!" Nikamwambia moyo wake una bahati, sisi tunapanga kimoja na kinavuja. Alitaka kuwa mwuguzi. Hakuogopa kitu isipokuwa likizo, maana likizo lazima twende Nkololo, na tukiwa kule yule mzee wa ng'ombe hakosi kupita kusalimia.

Kisha likaja soko huria.

Watu wa redioni waliliongelea kama harusi. Sisi tuliliona kwa macho: malori ya wanunuzi binafsi kutoka Mwanza, turubai limetandikwa kando ya barabara, mzani umening'inizwa, fedha taslimu mkononi. Wakulima wetu walikuwa wamezoea kuchambua pamba nyumbani, nyeupe safi huku, yenye madoa kule, mafungu mawili, kazi ya kina mama na watoto kutwa nzima. Hawa wapya walichukua yote pamoja, nyeupe na chafu, hata yenye mchanga, wakashindilia, wakaondoka. Nani angehangaika tena kuchambua? Nani angetuletea sisi, tuliokuwa tukimwambia asubiri? Malori yetu yakawa yanarudi matupu, madereva wanashuka bila kusalimia mtu.

Ofisi ilianza kufa kidogo kidogo, kuanzia kwenye vitu vidogo. Utepe wa mashine ukiisha, tuliambiwa tuugeuze. Chai ikakosa maziwa, ikakosa sukari, halafu ikakosa mama wa chai mwenyewe. Aliondoka na birika lake, kumbe lilikuwa la kwake siku zote, na sisi tuliokunywa humo hakuna aliyesimama kumsindikiza. Tuliinamia meza, kila mmoja akijifanya anasoma. Hilo nalo ni somo la ofisini, na nililishika upesi kuliko kuchapa.

Neno likawa moja tu koridoni: kupunguzwa. Na kila mtu alijua panga likipita litaanza na ambao hawajathibitishwa. Yaani mimi. Nilikwenda mara kwa mara kwa mkuu wa kitengo kuulizia, akawa ananiambia mambo yapo mezani. Meza ya nani, hakusema.

Ajabu ni kwamba mtani aliendelea kunifukuza, na hiyo ndiyo ikawa dawa yangu. Nilijitungia imani kwamba mtu hataniwi kwa jambo ambalo ni kweli. Akiingia asubuhi na kusema umefukuzwa, nilikuwa napumua: aha, leo bado nipo. Siku moja alipopita bila kusema kitu, nilimfuata mpaka mlangoni kwake. "Mgogo, mbona hujanifukuza?" Akanitazama, akatabasamu upande mmoja. "Haya, umefukuzwa." Nikarudi mezani kwangu nimetulia.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, upepo unapuliza vumbi mpaka kwenye mashine. Akaingia, akasimama mbele yangu.

"Mtani, umefukuzwa kazi."

"Mgogo, hata ng'ombe wa kwenu wamekufukuza wewe."

Watu wakacheka. Yeye akabaki amesimama.

"Mtani, nisikilize."

"Simsikilizi ombaomba asubuhi asubuhi, nina mkosi wa kunitosha."

Wakacheka zaidi. Mtunza stoo aligonga meza kwa furaha. Mtani akavuta benchi la wageni, lile walilokaa wakulima, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa pale. "Nimekwenda kwa wakubwa," akasema. "Nimekwenda tena. Nimekataa kusaini, wakasema atasaini mwingine. Ni mwisho wa mwezi huu, mtani."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kiliisha kwa zamu, meza hii, halafu ile, na mtunza stoo alikuwa wa mwisho, maana alikuwa mbali. Mimi, mdomo wangu uliendelea wenyewe. Nilisikia ukisema, "Basi unipe hiyo tai niende nayo nikafungie mbuzi." Hakuna aliyecheka. Mtani alikuwa anatazama sakafu.

"Nilitafuta maneno mengine tangu jana," akasema. "Sina mengine ninayojua kukuambia."

Akaongeza kwamba na yeye anaondoka, akishamaliza kutuondoa sisi.

Unga ulikuwa umemwagika. Lakini nilikuwa na jambo moja la kufanya, nalo ni kutomwambia mtu. Nkololo wasijue. Mwezi ulipokwisha niliendelea kuamka, kuoga, kuvaa ile sketi, kuchukua mkoba na kutoka, na mdogo wangu akanitakia kazi njema. Nilizunguka. Nilikwenda misheni, nilikwenda halmashauri, nilidandia lori mpaka Nyashimo kwa sababu mtu alisema kuna mtu. Kote waliniambia niache jina. Majina yangu yako kila mahali mkoa mzima.

Nikajipiga moyo konde nikawaendea na wale wanunuzi binafsi. Nilimkuta kijana wa Mwanza kakaa juu ya marobota chini ya turubai, kikokotoo mfukoni mwa shati. Nikamwambia najua kuchapa, najua stensili, najua kutunza mafaili. Alinisikiliza kwa heshima, siwezi kumsingizia. "Dada yangu," akasema, "nichapiwe nini? Mimi nanunua, napakia, naondoka." Na kweli alikuwa na mzani, lori na kile kikokotoo tu. Nilisimama pale nikatazama wanaume wakirusha pamba ya madoa juu ya pamba nyeupe, nikaelewa kwamba sikupoteza kazi. Kazi yenyewe ndiyo ilikuwa imepotea, na hakuna aliyekuwa anaitafuta isipokuwa mimi.

Shule ikamrudisha mdogo wangu kwa sababu ya ada. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, akasema anamsikitikia, ni mtoto mzuri, lakini serikali sasa inasema tuchangie. Jioni ile mdogo wangu alinishika mkono, akaugeuza, akautazama.

"Dada, vidole vyako havina wino siku hizi."

Nikauvuta mkono wangu.

"Baba mdogo anajua?"

"Hajui."

"Basi tusiende likizo," akasema, kana kwamba tungeweza kukaa tu humo chumbani milele.

Baba mdogo alijua kwa njia ya wema. Alikuja mjini kuuza pamba, kwa wale wale wa turubai, akaona apite ofisini na kapu la karanga kumshukuru mkubwa wangu kwa kunitunza. Alikuta mashine imefunikwa kitambaa. Akaja mpaka chumbani kwetu, kapu bado mkononi, akakaa kwenye kigoda, akaweka kofia juu ya goti.

"Pole, mayu," akasema. Na alimaanisha. Akatutazama wote wawili, akatazama dari linalovuja. "Ulijitahidi. Hakuna atakayesema hukujitahidi." Akatuachia karanga zote. Alipofika mlangoni akasema mtoto ajiandae, Jumamosi ng'ombe wataingia. Mdogo wangu alikuwa anamenya karanga; aliendelea kumenya bila kula, ganda huku, karanga huku.

Nilikimbilia kwa mtani. Nilimkuta anafunga vyombo vyake kwenye maboksi kurudi Dodoma. Nikamweleza yote, mkataba wa wazee, godoro, yule mzee wa wake wawili, kwa pumzi moja. Hakutania. Alikaa juu ya boksi, akafikiri kwa namna ya ofisini, kidole kidevuni.

"Mtani hazuiwi," akasema. "Msibani akilala kaburini, mazishi yanasimama. Harusini akishika mlango, bibi harusi hatoki mpaka mtani aridhike. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mimi nitalala langoni mwa zizi. Wataniletea kuku, nitakataa. Wataniletea pombe, nitakataa. Nitasema nataka mtoto arudi shule, la sivyo ng'ombe hawaingii. Wanikanyage? Mtani hakanyagwi."

Loo! Nilihisi mwili wote unapata joto. Ulikuwa wazimu, lakini ulikuwa wazimu wenye utaratibu. Sote wawili tulikuwa watu wa ofisi, na tuliamini kwamba desturi ni kama kanuni za utumishi: ukikishika kifungu, mkubwa hana la kufanya. Jumatano baba mdogo alituma mtu kumchukua mdogo wangu, na kabla hajapanda baiskeli nilimnong'oneza: "Weka sare kwenye mfuko. Jumamosi ukisikia vigelegele, ujue tumeshinda. Toka na mfuko wako, tunaondoka." Akaniamini. Mimi mwenyewe nilijiamini.

Jumamosi mtani alifika Nkololo amevaa ile tai ya kijani. Niliona jinsi watu walivyomtazama, nikadhani ni heshima. Wageni walikuwa wameshafika, ng'ombe wanasubiri nje ya boma kwenye vumbi, wazee wa kwetu wanawazungukia kuwakagua, huyu mbovu, huyu sawa. Yule mzee mwenye mali alikaa pembeni na fimbo yake, mpole kabisa. Ilipoamuliwa kwamba ng'ombe waingie, mtani akatembea mbele ya watu wote, akafika langoni, akajilaza chali juu ya samadi, shati jeupe na yote.

Mzee mmoja akauliza, "Nani huyu?"

"Ni Mgogo!" nikapaza sauti. "Ni mtani!"

Weee! Boma zima lilipasuka. Wanawake walitoka jikoni wakikimbia. "Mgogo kalala zizini!" Mtani akainua mkono: "Sitaki kuku! Sitaki pombe! Nataka mtoto arudi shule! Ng'ombe hawaingii!"

"Bebe, jamani, Mgogo anataka shule!" mtu akapiga kelele. "Mpeni daftari!"

"Nasema kweli!" akapaza sauti mtani. "Mtoto ana akili! Mwacheni asome!"

Na kadiri alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kucheka. Yule mzee wa ng'ombe alicheka mpaka akaangusha fimbo. Baba mdogo alikuwa anapangusa machozi kwa kofia. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo tangu tulipomzika baba. Waliona mtani amekuja toka mjini kuheshimu shughuli yao, na amefanya kazi yake vizuri kuliko mtani yeyote waliyepata kumwona. Mtu akaleta jogoo, akamweka kifuani pake. Mtani akamsukuma. Wakamrudisha. Maksai mmoja akasogea, akamnusa, akaanza kulamba tai. Mtani alikuwa anapiga kelele kwamba yeye hatanii, kwamba leo hatanii, sauti imekauka, uso umemwiva, na ulimi wa maksai umempita shavuni. Mungu anisamehe, nilicheka. Kilinitoka tumboni chenyewe, nikashika mbavu.

Pembeni mwa lango mtu akaondoa matawi ya miiba, pakawa na nafasi, na ng'ombe wakaanza kuingia kwa pale, mmoja mmoja, taratibu, bila kumgusa mtani hata ukwato. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mlango wa nyumba ya mama ukafunguka. Mdogo wangu akatoka, amevaa sare, mfuko mkononi, anakimbia. Alikuwa anatabasamu. Watu wakamwona, wakacheka upya, wakapiga makofi: "Na huyu naye wamepanga wote!" Shangazi akamfuata, naye anacheka, akamshika bega kwa upole, akauchukua mfuko mkononi mwake.

Mdogo wangu akatazama zizi. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, na aliponipata, alinikuta bado nacheka.